Ziwa la Dokta Gerald

Dokta Gerald alipoingia kwenye ukumbi wa hoteli pale Mikumi asubuhi ile ya mwezi wa tatu, mwaka 2002, alimkuta Mwalimu Mathias amesimama mlangoni na suti yake ya kahawia. Akamwambia, "Habari, mzee," akapita.

Mwalimu Mathias alikuwa na miaka sabini na mbili. Mimi, Letisia, alinifundisha kusoma katika shule ya misheni kule Lumuma, na alikuwa amefundisha nusu ya watu waliokaa ukumbini siku ile. Lumuma hata wezi humwamkia shikamoo. Yeye alijibu tu, "Nzuri, mwanangu, karibu," akaendelea kufuta miwani yake. Lakini mimi nilikuwa nimeshamweka yule dokta kwenye fungu lake.

Nilikuwepo pale kwa sababu nimeajiriwa kuandika muhtasari wa kikao. Zamani nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya shamba moja la mkonge upande wa Kilosa. Shamba lilipouzwa kwa mtu binafsi tuliambiwa asanteni, na baadhi yetu tukaondoka na mashine za chapa badala ya kiinua mgongo. Nikahamia Mikumi, nikafungua duka la kuchapa na kutoa fotokopi kando ya barabara kuu ya Iringa. Miaka sita baadaye nilikuwa na kompyuta mbili na printa moja yenye makelele. Zikigoma, fundi wa karibu yuko Morogoro, na akija anakuja na maneno mengi kuliko vifaa. Kwa hiyo nilijifunza kuzifungua mwenyewe na kuzifunga.

Mradi wenyewe ulikuwa wa wafadhili. Kwa miaka kadhaa wakulima na wafugaji wa upande wetu walikuwa wakigombana. Ng'ombe wanaingia kwenye mahindi, watu wanaumizana, kesi haziishi. Wafadhili wakaajiri kampuni ya ushauri ya Dar es Salaam iandike mpango wa matumizi ya ardhi, na kampuni ikamtuma Dokta Gerald atuonyeshe kilichoandikwa ili tukipitishe. Mwalimu Mathias alikuwa mwenyekiti wa kikao.

Tulikuwa watu kama arobaini. Wakulima wa Lumuma na Kidete, wenye mashamba ya miwa wa Kidodi, na wafugaji wa Kiparakuyo waliotoka uwandani alfajiri. Kati ya hao wafugaji alikuwepo mama mmoja wa miaka kama sitini, Sintamei, aliyetumwa na watu wa boma lake kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha wanaume wa pale. Alikaa mstari wa nyuma, amepakata mkufu wa shanga, anashona huku akisikiliza.

Dokta alimwona.

"Mama, hiyo kazi ya shanga ukaifanyie nyumbani," alisema kwa sauti ya ukumbi mzima. "Hapa tuko kwenye mambo ya kitaalamu."

 Sintamei aliichomeka sindano kwenye lubega lake begani, akakunja mikono.

Kisha Dokta akatoa laptopu. Aliitoa kwenye mkoba polepole, ili na wa nyuma waione. Akatoa na projekta, akaiweka juu ya meza mbele ya shuka jeupe la hoteli lililopigiliwa misumari ukutani. Waya wa kuunganisha vitu hivyo viwili una kichwa chenye umbo lake: upande mmoja mpana, mwingine mwembamba, na ndani vijino vidogo vya chuma kumi na vitano. Unaingia kwa njia moja tu. Dokta alikuwa anamweleza mtu wa Kidodi jinsi ndege ilivyochelewa kutoka Nairobi, na huku akiongea aliusukumiza ule waya kwenye projekta kwa kiganja, kama anayeziba mtungi.

Nililiona hilo. Nikafungua daftari nikaandika tarehe.

Projekta ikawaka, shuka likawa bluu. Bluu tupu, na katikati vijineno vya Kiingereza vinavyosema kwamba hakuna kinachoingia. Kwenye laptopu yenyewe picha ilikuwepo, safi kabisa. Wa mbele waliiona, ila haikuwa kubwa kuliko sahani ya ugali.

"Subirini kidogo," alisema Dokta. "Inapasha moto."

Ilipasha moto robo saa nzima. Akazima, akawasha. Bluu. Akasogeza meza nyuma, kana kwamba projekta ilikuwa inaona haya kukaa karibu na shuka. Akasema umeme wa Mikumi ni mdogo. Feni juu ya kichwa chake ilikuwa inazunguka kwa nguvu mpaka makaratasi yanapeperuka, lakini umeme ulikuwa mdogo.

Akaitwa Danieli, fundi wa hoteli, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuonyesha mpira kwenye televisheni ya baa. Danieli alikuja na bisibisi ya tasta sikioni. Akaigusa projekta huku na huku, akabonyeza kitufe cha kuchagua inakopokea picha, ikapita moja baada ya nyingine, ikarudi palepale kwenye bluu.

"Projekta ni nzima, mheshimiwa," alisema. "Ila kompyuta yako ina virusi."

"Virusi!" Dokta alicheka puani. "Kijana, hii mashine imenunuliwa Dubai."

"Hata Dubai wanaumwa," alisema Danieli, na watu wa Kidodi wakacheka.

Hapo ndipo nilipoinua mkono. Kwenye laptopu nyingi, juu ya moja ya vitufe vya mstari wa juu, kuna kipicha kidogo cha skrini mbili. Ukikibonyeza pamoja na kile cha chini kilichoandikwa Fn, mashine inaambiwa itoe picha nje. Nilikuwa nimelisoma jambo hilo kwenye kitabu kilichokuja na kompyuta yangu ya pili, kitabu ambacho wanunuzi wengi hufungia maandazi.

"Dokta, jaribu kitufe chenye kipicha cha skrini mbili," nilisema. "Huenda haijaambiwa itoe picha."

Akanitazama, akatazama daftari langu.

"Dada, wewe si ndiye wa muhtasari? Andika muhtasari."

Niliandika. Mpaka leo ninalo lile daftari: *Saa nne na dakika kumi. Mtaalamu amemwelekeza mwandishi aandike.*

Simu za mkononi mwaka ule zilishika upande mmoja tu wa barabara, karibu na gereji. Dokta akatoka, akavuka, tukamwona dirishani akizunguka kwenye vumbi na simu sikioni, mkono mwingine ukipunga hewani, malori yakimpigia honi. Watu arobaini walikaa wakitazama bluu. Mwanamume mmoja wa Kidete, Rafaeli, aliyekuwa amesafiri kwa treni mpaka Kilosa na kulala kwa shemeji yake ili awahi, aliegemea kiti akasinzia.

Dokta alirudi na jasho na furaha.

"Nimeongea na mtaalamu wetu wa kompyuta Dar es Salaam," alitangaza. "Kuna kitufe maalumu."

Akabonyeza kitufe chenye kipicha cha skrini mbili.

Laptopu ikazima uso, ikawa nyeusi. Shuka likabaki bluu. Sasa hatukuwa na picha upande wowote. Dokta akarudi nyuma hatua moja kama mtu aliyeua kuku wa jirani.

"Bonyeza tena," nilisema. "Inazunguka. Mara ya kwanza nje peke yake, mara ya pili kote kuwili."

Alibonyeza tena bila kunitazama. Picha ikarudi kwenye laptopu. Kwenye shuka, bluu.

"Basi mashine inatuma," nilisema, safari hii nikimwambia Mwalimu Mathias, sio yeye. "Projekta nayo Danieli ameshaikagua, inasubiri. Kilichobaki katikati ni waya."

"Waya ni mpya," alisema Dokta.

"Sijasema ni wa zamani."

"Nyie watu, vifaa hivi si cherehani. Ukigusa ovyo unaharibu. Nani atawajibika?"

Mwalimu Mathias alivaa miwani yake. Alikuwa amenyamaza tangu saa tatu, na ilikuwa karibu saa sita.

"Nitawajibika mimi, ndimi mwenyekiti," alisema. "Letisia, angalia huo waya."

Nikauchomoa upande wa projekta, nikausogeza dirishani. Vijino viwili vya mstari wa juu vilikuwa vimelala kabisa, vimebanwa chini kama majani yaliyokanyagwa. Nikamwonyesha Mwalimu, nikawaonyesha na watu wa mstari wa mbele. Kuna raha fulani katika kuwaonyesha watu kitu kama hicho, na sioni sababu ya kudanganya kwamba sikuionja.

"Nani kavikunja?" aliuliza mtu wa Kidodi.

"Aliyeuingiza," nilisema.

Danieli akaleta tasta yake, nene kama kidole. Nikaikataa. Nikajaribu kwa kibanio cha nywele, kikawa kinateleza. Macho yangu hayakuwa mazuri kwa vitu vidogo kiasi kile, na kijino kikikatika tumekwisha. Nikasikia viti vinasogezwa. Sintamei alikuwa amekuja mbele, sindano yake ya shanga mkononi.

"Lete," alisema.

Akakaa kwenye kiti cha Dokta, maana ndicho kilichokuwa karibu na mwanga. Akaupakata ule waya. Akapitisha ncha ya sindano chini ya kijino cha kwanza na kukiinua kidogo, akaacha, akakiinua tena kidogo. Hakuwa na haraka. Watu wa nyuma walisimama kuona, hata Rafaeli aliamka. Cha pili kilikuwa kigumu zaidi, akakigeuzia mwanga, akakivuta kwa kucha. Kisha akanirudishia.

"Vimesimama," alisema. "Usiupige tena."

Alikuwa ananiambia mimi, lakini anamtazama Dokta.

Nikauingiza taratibu kwa umbo lake. Shuka likapepesa, likawa jeusi, halafu picha ikatokea kubwa ukuta mzima: MPANGO WA MATUMIZI BORA YA ARDHI, WILAYA YA KILOSA, na chini yake jina la Dokta Gerald kwa herufi nene. Watu walipiga makofi. Dokta aliinamisha kichwa kidogo kupokea makofi, kana kwamba ni yake.

Ukurasa wa pili ulihusu umuhimu wa mipango. Wa tatu ulihusu umuhimu wa ushirikishwaji. Wa nne ulikuwa na kichwa cha habari WADAU WAKUU, na chini yake orodha: wakulima, wafugaji, wavuvi, wamiliki wa mitumbwi, wachuuzi wa dagaa.

 Nilidhani nimesoma vibaya.

Sintamei ndiye aliyenyoosha mkono. Hakujua kusoma, lakini mtoto wa ndugu yake alikuwa anamsomea sikioni.

"Naomba kuuliza," alisema. "Sisi samaki hatuli. Hao wavuvi ni wa wapi?"

"Ni wadau wa ziwa, mama," alisema Dokta. Nadhani alisema kabla hajafikiri.

"Ziwa lipi?"

Dokta akageuka kutazama shuka. Niliona shingo yake ikibadilika rangi. Rafaeli, ambaye ni mtu wa huruma, akajaribu kumsaidia.

"Labda anamaanisha lile bwawa letu la Kidete," alisema.

"Hilo hilo!" Dokta alilidaka kwa mikono miwili. "Bwawa la Kidete. Kwa lugha ya kitaalamu tunaliita ziwa."

Akabonyeza haraka aende mbele. Ukurasa uliofuata ulisema kwamba katika ziwa hilo kuna mitumbwi elfu tatu na mia nne, mialo kumi na minane ya kushushia samaki, na tatizo kubwa la mamba.

Kicheko kilichotoka kilimwamsha mlinzi wa geti. Watu wa Kidodi walipigana mabega. Rafaeli alifunika uso kwa kofia, mabega yakitikisika. Wafugaji, ambao walikuwa wamekaa wima tangu asubuhi, walicheka baada ya kutafsiriwa, kwa hiyo kicheko kikaja mara mbili. Na mimi nilicheka kuliko wote, kwa sauti, nimesimama, kalamu mkononi. Mtu yule alikuwa amechukua mpango wa wilaya nyingine, huko ziwani, akabadilisha jina kwenye jalada tu. Na sisi tulikuwa tumetumia saa tatu na sindano ya shanga ili atuonyeshe.

Dokta alifunga laptopu. Mwalimu Mathias akatangaza mapumziko ya chai.

Nilimfuata Mwalimu nje nikiwa bado nafuta machozi.

"Umefurahi?" aliniuliza.

"Nimefurahi, Mwalimu. Tangu asubuhi nilikuwa naingoja siku yake."

"Vizuri." Alikoroga chai yake. "Sasa akipanda basi la saa nane akaenda zake, nani ataandika kwamba ng'ombe wa kina Sintamei wapite wapi? Wewe?"

Nikajimiminia chai.

"Wale wafadhili hawasubiri kitabu chako, Letisia. Wanasubiri chake. Asipopeleka kingine, atapeleka hiki hiki, nao watakigonga mhuri bila kukisoma. Mwakani ng'ombe wakiingia kwenye mahindi ya Rafaeli, sisi tutakuwa na mpango wa mitumbwi."

"Mwalimu, mtu yule hata shikamoo hakukupa."

"Nilikuwepo," alisema. "Nenda kamlete."

Nilikwenda kwa miguu mizito. Nilimkuta Dokta chumbani kwake, mlango wazi, anaingiza mashati kwenye begi bila kuyakunja.

"Mmenidhalilisha," alisema aliponiona.

"Umejidhalilisha mwenyewe. Sisi tulitengeneza waya tu."

Akakaa kitandani. Kisha akaanza kunieleza, ingawa sikumwuliza. Kampuni ilimpa wiki tatu kwa wilaya nne. Gari liliharibika. Mwenzake aliacha kazi. Ripoti ile ya ziwani aliiandika vizuri, alikwenda mwenyewe, alilala kwenye mitumbwi. Ya kwetu alitaka tu iwe na umbo kama ile, aje kuijaza baadaye. Nilimsikiliza nikiwa nimesimama. Nilikuwa nimewaandikia watu barua za kujitetea kwa miaka kumi na tano na nazijua kwa aya. Sikumwonea huruma, na hilo nalisema wazi. Lakini nilimwamini kuhusu mitumbwi.

"Basi la saa nane liache," nilimwambia. "Mimi nina kompyuta, wewe una mchana mzima, na wenye ardhi wako kule wanakunywa chai. Njoo dukani uwaulize."

"Niwaulize nini?"

"Ulichokuja kutuambia."

Alikuja. Alikaa kwenye benchi la wateja, akabanana na Sintamei upande mmoja na Rafaeli upande wa pili, Mwalimu Mathias akapewa kiti. Dokta alianza kuandika mwenyewe, kwa vidole viwili, anatafuta kila herufi kama aliyeangusha funguo gizani. Nilivumilia dakika tano nikamwondoa kwenye kompyuta yangu. Nikapiga mimi, yeye akauliza.

Na lazima niseme, kuuliza alijua. Alimwuliza Sintamei ng'ombe wanashuka mwezi gani, wanakunywa wapi mvua zikichelewa, nani anatangulia. Alimwuliza Rafaeli bustani zake ziko umbali gani na maji ya mto Mkondoa, vitunguu vinavunwa lini, na juu ya bustani kuna nini; akajibiwa kuna mawe matupu. Wale wawili wakaanza kubishana. Rafaeli alisema kivuko cha zamani cha ng'ombe kimelimwa. Sintamei alisema aliyekilima anamjua kwa jina na kwa jina la baba yake. Sauti zikapanda mpaka wapita njia wakachungulia.

"Juu ya bustani, je?" aliuliza Dokta. "Penye mawe?"

Wote wawili wakamgeukia.

"Penye mawe ndama wanateleza," alisema Sintamei.

"Mawe yanaweza kuondolewa," alisema Rafaeli. "Sisi tutayaondoa. Lakini wasipite kabla ya mwezi wa nane."

"Wa saba mwishoni."

"Wa saba mwishoni, basi, lakini mwishoni kweli."

Nikapiga chapa: *mwishoni mwa mwezi wa saba*. Mwalimu Mathias alisema niongeze neno "kweli". Nikaongeza.

Tulimaliza jua likiwa limeshuka usawa wa milima. Kurasa tisa. Dokta alizichukua kwenye disketi mbili, moja ya akiba, akanishukuru huku akitazama daftari langu badala ya uso. Sikumsindikiza. Danieli alimbebea begi mpaka kituoni, na alirudi akisema kwamba mheshimiwa amemwuliza kama virusi kweli vinaweza kuwemo.

Kitabu kilifika mwezi wa tisa kwa basi, maboksi mawili, kikapelekwa dukani kwangu ili nikigawe. Kilikuwa na kurasa sitini na nne. Zetu tisa zilikuwa katikati. Zilizobaki zilihusu umuhimu wa mambo mbalimbali, na nilizipitia nikitafuta sentensi moja iliyoandikwa na mtu aliyekanyaga Kilosa, sikuiona. Lumuma waliiandika Lumumba. Lakini zile tisa zilikuwemo zote, na "kweli" ilikuwemo.

Sintamei alikuja Jumamosi, siku ya gulio. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa, nikamsomea ukurasa wa kivuko. Akaomba nirudie. Nilipofika mara ya pili mahali paliposema ng'ombe wavukie penye mawe, wakipitia upande wa kulia wa bustani, akaniwekea mkono kwenye karatasi.

"Kushoto," alisema.

"Wameandika kulia."

"Kulia ni shamba la Rafaeli. Wakipita hapo tumerudi kulekule."

Nikatazama maandishi yangu ya ile siku, ambayo nilikuwa nimejiwekea nakala. Kulia. Nilikuwa nimeliandika mimi, kwa vidole vyangu kumi. Nililitazama lile neno kwa muda. 

Nikaenda kuchukua kalamu mbili, nyekundu moja na ya bluu. Vitabu vilikuwa themanini. Nilimwonyesha neno la kufuta na "kushoto" la kuweka juu yake, akaliiga kwenye karatasi ya taka mpaka likakaa sawa, kisha tukafungua boksi la kwanza. Yeye alikuwa anaandika polepole kuliko mimi, lakini herufi zake zilinyooka.